Baridi ya Julai Kitengela: Kabla ya kuingiza jiko ndani, jua moshi utatokea wapi

JULAI ikiingia Kitengela, hata wale wanaojiita wagumu huanza kutafuta sweta la pili. Upepo unavuka nyanda za Athi na Kapiti bila cha kuuzuia, mawingu yanafunika jua hadi mchana, na alfajiri kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11. Kwa mtu wa Ulaya hiyo si baridi ya kulalamikia. Lakini nyumba ya Ulaya ilijengwa ikisubiri baridi. Keja ya Kitengela ni mawe ya kuchonga, sakafu ya vigae na mabati juu, mara nyingine bila silingi. Joto kidogo lililobaki baada ya kupika linapanda na kutoroka kupitia mabati kabla hujamaliza kuosha sufuria.

Ndiyo maana kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, moto unakuwa mada kubwa mtaani. Kuna kijana wa bedsita pale Noonkopir anayewaza kuingiza jiko la makaa ndani "kwa dakika chache tu". Kisha kuna yule aliyenunua ploti upande wa Kisaju au Isinya, anajenga polepole, na ameona kwenye TikTok jiko zuri la kuni lenye kioo mbele, moto ukicheza ndani kama sinema. Anataka moja kama hilo sebuleni.

Hawa wawili wanaonekana kuwa na shida tofauti. Ukweli ni kwamba swali lao ni moja: moshi, pamoja na kile kisichoonekana ndani yake, utatokea wapi? Ukikosa jibu, usiwashe.

Jiko la makaa si hita

Tuanze na linaloua. Karibu kila msimu wa baridi vyombo vya habari nchini huripoti watu waliokutwa wamefariki asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani, na jiko la makaa kando ya kitanda. Muuaji ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inang'ang'ania damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa huku ukiendelea kupumua kama kawaida.

Wengi hudhani hatari iko kwenye moshi, kwa hivyo wanawasha jiko nje, wanasubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha wanaliingiza ndani wakiamini sasa ni salama. Hapo ndipo mtego ulipo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa kaboni monoksidi kwa wingi. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika, gesi haijaisha; inatoka bila kuungua na kujaa chumbani. Kadiri makaa yanavyofifia na chumba kinavyozidi kukosa hewa, ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa kawaida: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea, usingizi mzito. Mtu aliyetoka kazini EPZ saa mbili usiku atasema amechoka tu, ajilaze. Kama watu wawili au watatu chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hilo si jambo la kulalia. Fungueni mlango na madirisha, tokeni nje wote, na aliyezidiwa apelekwe hospitalini awekewe oksijeni. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana 1199. Kikombe cha maziwa hakiondoi gesi hii kwenye damu. Sufuria ya maji iliyowekwa kando ya jiko haiinyonyi. Hizo ni hadithi za mtaani.

Kuna jingine ambalo hata wasomi hulisahau. Jiko la udongo lenye bati nje, lile lenye umbo la kengele ambalo mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kulitengeneza mapema miaka ya 1980 kwa kuiga na kurekebisha jiko la Thailand, lilibuniwa ili kuokoa makaa. Udongo ule unazuia joto lisipotee pembeni, liende lote kwenye sufuria. Majiko mapya ya kiwandani, kama Jikokoa linalotengenezwa Ruiru, yamelisukuma wazo hilo mbele zaidi. Sasa fikiria: jiko lililobuniwa ili lisipoteze joto chumbani litawezaje kukupasha wewe? Kadiri jiko la kupikia lilivyo bora, ndivyo lilivyo hita mbovu. Na kutumia makaa machache hakumaanishi kwamba gesi ya sumu imeisha. Pika nalo mahali penye hewa, kisha liache nje.

Kajiado walishaliwaza hili zamani

Kabla ya ghorofa za Kitengela kuwepo, kaunti hii ilikuwa tayari na watu wanaoishi na moto ndani ya nyumba. Enkaji, nyumba ya Kimaasai inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, ina mafiga ndani na matundu madogo sana ya hewa. Matundu ni madogo kwa sababu zake: baridi ya usiku, mbu na nzi, na usalama. Lakini anayelipa ni mama anayepika na mtoto anayelala karibu naye. Macho yanatoka machozi, kikohozi hakiishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia na kuotea moto majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, liliketi na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kutafuta njia za kupunguza moshi huo. Hawakuja na jiko moja la kumlazimisha kila mtu. Walijaribu madirisha makubwa zaidi, nafasi kati ya ukuta na paa, na majiko yaliyoboreshwa. Kwa upande wa Kajiado, kilichofanya kazi kuliko vyote ni kofia ya bati iliyowekwa juu ya moto, ikiwa na bomba linalopenya paa na kutoa moshi nje. Moshi ndani ya nyumba ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Angalia vizuri kilichobadilika pale. Kuni zilikuwa zilezile na mafiga yalikuwa yaleyale. Kilichoongezwa ni njia ya moshi kutoka. Somo hilo ndilo utakalolihitaji ukienda kwa fundi kuagiza jiko la sebuleni kwako.

Ukitaka jiko la kuni la kuotea moto

Watu wakisikia kuota moto nyumbani, wengi wanawaza ule uwazi wa ukutani wa nyumba za kikoloni kule Karen na Limuru. Unapendeza kwa picha, lakini ni mla kuni. Moto wa wazi unavuta hewa ya chumba na kuipandisha bombani pamoja na sehemu kubwa ya joto. Takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni ndiyo inayobaki chumbani. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na kidhibiti cha hewa, linaweza kukuachia asilimia 60 au zaidi.

Tupige hesabu. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban yuniti 4 za kawi, ukiipima kama unavyopima tokeni za umeme. Sebule ya kawaida inayohitaji kilowati 2 kwa saa nne za jioni itatumia yuniti 8. Kwa jiko lililofungwa la asilimia 60, hizo ni kilo tatu na kitu za kuni. Kwa moto wa wazi wa asilimia 15, ni kilo 13 hivi. Zidisha kwa usiku 60 za baridi, uone pesa na miti inayoungua bure.

Sasa ukubwa. Vijana wengi hukosea hapa kwa kununua jiko kubwa kupita kiasi, eti "ili lisinisumbue". Kanuni ya Uingereza ni takriban kilowati 1 kwa kila mita 14 za ujazo. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.5 ina mita 50 za ujazo, yaani kilowati 3.5 hivi. Lakini hiyo ni kwa nchi ambako nje kunaganda. Kitengela, nje ikiwa nyuzi 11, nusu ya hapo inaweza kutosha kama nyumba ina silingi. Ukiweka jiko la kilowati 8 utaona joto limezidi, utafunga hewa, kuni zitabaki zikifukuta bila mwali, na bomba litajaa masizi. Jiko dogo linalowaka vizuri linalishinda jiko kubwa linalofukuta.

Ukiagiza kwa fundi wa jua kali, mwambie haya mapema:

– Chuma cha mwili wa jiko kiwe kinene, milimita 4 hadi 6. Bati jembamba linajikunja kwa joto, mlango unaacha kufunga vizuri, na kazi imeisha.

– Bomba la kwanza linalotoka kwenye jiko lisiwe la bati lililopakwa zinki. Zinki ikipata joto kali inatoa mvuke wenye sumu. Omba chuma cheusi au chuma kisichoshika kutu.

– Bomba lipande wima kadiri iwezekanavyo. Kila kona inapunguza mvuto.

– Ncha ya juu ipite paa kwa angalau sentimita 90, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Ukiikata fupi ili kuokoa pesa, upepo wa nyanda utaurudisha moshi kwako.

– Pale bomba linapopita kwenye silingi na mbao za paa, liwe la tabaka mbili na mbao zikae mbali nalo. Mabati hayashiki moto, lakini boriti zilizo chini yake zinashika.

– Viti, mapazia na godoro la mtoto visikaribie jiko. Mita moja ni kipimo kizuri.

Bajeti ikiwa finyu, usipunguze pesa za bomba ili ununue jiko la kupendeza. Jiko la kawaida lenye bomba zuri litakupasha joto. Jiko la bei kali lenye bomba bovu litakufukiza.

Kuni za Julai hununuliwa Januari

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ukiuwasha, sehemu ya joto lote inaenda kuchemsha hayo maji kwanza. Ndiyo maana kuni mbichi zinalia, zinatoa povu kwenye ncha, zinafukiza majirani na bado chumba kinabaki baridi. Kuni nzuri zina unyevu chini ya asilimia 20.

Hapa Kajiado tuna bahati ya jua na upepo. Pasua kuni ziwe vipande vya unene wa mkono, zipange juu ya mawe zisiguse udongo, funika juu peke yake, na uache pembeni wazi ili upepo upite. Ukianza kiangazi cha Januari na Februari, Julai itakukuta uko tayari. Ukinunua siku uliyoanza kutetemeka, utauziwa maji.

Huna kifaa cha kupimia? Gonganisha vipande viwili: kikavu kinatoa sauti kali, kibichi kinatoa kishindo kizito. Angalia nyufa kwenye ncha. Au chukua kipande kimoja, kipime kwa mzani wa kioski kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka.

Kuhusu aina, mkaratusi, mgrivea na mabaki ya mbao safi kutoka karakana ni sawa. Kaa mbali na mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, na hasa vipande vya nguzo za umeme. Nguzo hutiwa dawa ili zisioze, na baadhi ya dawa hizo zina arseniki. Ukizichoma, unavuta sumu na majivu yake yanabaki na sumu pia.

Na tusijidanganye, kuni zina siasa yake. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na 2023 ikatangaza kuondoa marufuku hayo. Huku kwetu migunga ya malisho inageuzwa makaa, na mfugaji ndiye anayebaki na udongo mtupu. Muulize anayekuuzia kuni zimetoka wapi. Ukiwa na ploti yako, panda mistari miwili ya miti kwenye ua sasa hivi, upate matawi ya kupogoa baadaye.

Jiko likianza kukusumbua

*Moshi unarudi ndani ukiwasha tu.* Mara nyingi bomba ni baridi na hewa iliyo ndani yake ni nzito. Washa gazeti moja karibu na mdomo wa bomba kwanza, likipata joto ndipo uweke vijiti vyembamba, kisha kuni.

*Moshi unarudi hata moto ukiwa umekolea.* Fungua dirisha kidogo. Ukiona moshi umekatika, nyumba yako imebana na jiko linakosa hewa. Tengeneza tundu la kudumu la hewa. Kama hakuna kilichobadilika, kagua bomba. Huenda limezibwa na masizi au kiota cha ndege, au ni fupi.

*Moshi unarudi siku za upepo tu.* Ncha ya bomba iko chini ya kilele cha paa, au ghorofa ya jirani inausukuma upepo chini. Ongeza urefu na uweke kofia ya kuzuia upepo na mvua.

*Kioo kinakuwa cheusi kila siku.* Kuni ni mbichi au umeibana hewa mno. Usikimbilie kununua dawa ya kusafisha kioo, kausha kuni.

*Masizi yanang'aa kama lami ndani ya bomba.* Hii ni hatari kubwa. Masizi haya yanaweza kushika moto, ukasikia bomba likinguruma kama lori. Funga hewa yote ya jiko, toa watu nje, ita msaada. Ili usifike huko, bomba lisafishwe kwa brashi angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya Juni.

*Kuni zinaisha haraka na moto haupungui hata ukifunga hewa.* Mlango unavuja. Funga mlango ukiwa umebana karatasi katikati, kisha uivute. Ikitoka kwa urahisi, kamba ya kuziba mlango imechoka. Ibadilishe.

Na hata jiko likiwa na afya, weka kengele ndogo ya betri ya kugundua kaboni monoksidi karibu na mnapolala. Usifunge hewa yote ya jiko na kwenda kulala huku kukiwa na makaa mekundu ndani.

Na wewe uliye kwenye bedsita je?

Mpangaji hawezi kutoboa paa la landilodi. Kwa hivyo jibu lako ni fupi: hakuna moto wa kulala nao. Si makaa, si kuni, si kuacha meko ya gesi ikiwaka ili kupasha chumba.

Pambana na baridi kwa kuzuia joto lisitoroke. Pazia zito linalofika sakafuni, zulia au mkeka juu ya vigae, blanketi moja chini yako na si juu tu, kwa sababu godoro jembamba linapoteza joto kwa chini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, miguuni, inakusukuma hadi usingizi ushike. Ukinunua hita ndogo ya umeme, ichomeke moja kwa moja ukutani, isishirikiane na kettle kwenye ekstensheni ya bei rahisi, na uizime kabla ya kulala. Na mkiwa wapangaji wengi mnaotetemeka chini ya mabati matupu, mwendeeni landilodi pamoja kuhusu silingi. Inaweza kupunguza baridi yenu kuliko hita yoyote.

Kwa anayejenga, mpangilio ni huohuo. Silingi kwanza, milango na madirisha yanayofunga vizuri, kisha tundu la bomba lichorwe kwenye ramani kabla paa halijapigwa misumari. Kutoboa paa lililokamilika ni gharama mara mbili, na mvua ya Aprili itakukumbusha kila kona uliyoziba vibaya.

Baridi ya Kajiado hudumu miezi mitatu hivi, kisha Septemba jua linarudi na watu wanasahau. Usisahau nawe. Mwezi huo ndio mzuri wa kumwita fundi akague bomba, kwa sababu hana foleni na wewe hutetemeki.